Miili ya wazamiaji wetu inajaribiwa kila siku, daftari liko wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba vijana wa visiwani wanaorudi kutoka baharini wamepooza wamejitakia wenyewe, kwa tamaa ya pesa za kamba koche na majongoo ya bahari. Mimi ni mwalimu mstaafu wa biolojia. Nilizaliwa Kizingitini, kisiwani Pate, na sasa nakaa Lamu mjini, Langoni. Ndugu yangu wa tumbo moja alianza kuzamia ndevu hazijamtoka, na leo anatembea kwa mkongojo. Tamaa? Alikuwa na watoto wa kulisha na deni la tajiri lisilokwisha.

Lakini maneno ya tamaa ningeyaacha yapite, tumeyazoea. Kilichonikera ni pale aliposema hakuna mtu mwenye akili timamu anayeupeleka mwili wake majini kuona utavumilia nini. Wapo waliofanya hivyo, bwana, tena wasomi wakubwa, na mtalii anayezamia Watamu leo akarudi hotelini na miguu yake miwili anakula matunda ya kazi yao.

Tarehe 1 Juni 1939 nyambizi ya Waingereza iitwayo Thetis ilitoka kufanyiwa majaribio katika ghuba ya Liverpool. Ndani mlikuwa na watu 103, karibu mara mbili ya mabaharia wake wa kawaida, kwa kuwa mafundi wa kiwanda nao walipanda. Kilichoizamisha ni jambo dogo la kuudhi. Kwenye mlango wa bomba la kurushia topido kulikuwa na kitundu cha kupimia kama bomba lina maji. Kitundu kilikuwa kimezibwa na rangi. Aliyekagua hakuona maji, wakafungua mlango wa ndani, kumbe wa nje uko wazi. Bahari ikaingia. Kwa saa kadhaa mkia wa nyambizi ulikuwa umechomoza juu ya maji, mchana kweupe, watu wakiuona. Waliotoka hai ni wanne. Wale 99 waliobaki, wengi wao hawakufa kwa kunywa maji. Waliuliwa na hewa waliyoitoa mapafuni mwao wenyewe, ile kaboni dayoksaidi tuliyokuwa tukiwafundisha watoto darasa la saba.

Vyama vya wafanyakazi vya wale mafundi vikamwendea J.B.S. Haldane, profesa wa chuo kikuu London, avisaidie katika uchunguzi. Angeweza kukaa na kalamu akapiga hesabu. Yeye akaingia na wenzake wanne ndani ya tangi la chuma, katika kiwanda cha vifaa vya kuzamia cha Siebe Gorman, wakafungiwa humo saa 14 na nusu waonje hali waliyoipata wale wa Thetis, wakihema na vichwa vikiwagonga.

Miezi mitatu baada ya Thetis kuzama vita vikuu vya pili vikaanza, na jeshi la majini likawa na maswali mengine. Mtu akitoroka nyambizi iliyozama, apande vipi asife njiani? Askari anayeogelea chini ya meli ya adui avute hewa gani? Haldane akaendelea na lile tangi. Na tazama aliokwenda nao: Helen Spurway, mwanafunzi wake aliyekuja kuwa mkewe, Ursula Philip, mwanasayansi wa Kiyahudi aliyekimbia Ujerumani, Hans Kahle, Mjerumani aliyeongoza askari wa kujitolea katika vita vya Uhispania, na Juan Negrín, aliyekuwa waziri mkuu wa Uhispania kabla ya kufukuzwa na Franco, na ambaye kwa taaluma alikuwa mwanafiziolojia. Wakimbizi, wanawake, na kiongozi wao mkomunisti ambaye serikali yenyewe ilimpeleleza. Hao ndio waliokubali kuingia.

Humo ndani walipandishiwa shinikizo hadi mara 10 ya hewa tunayovuta hapa barazani, sawa na kuwa chini pima 50 hivi. Huko naitrojeni inalewesha. Ndugu yangu na wenzake waliokuwa wakishuka na mitungi wanaujua ulevi huo vizuri: mtu anacheka peke yake, anamwachia kamba aliyekwisha mshika, anasahau njia ya juu iko wapi. Visiwani husemwa kuna mwenyewe wa mwamba amemchezea. Haldane na mwenzake Martin Case wao waliupima ulevi wenyewe. Waliwapa watu hesabu za kukokotoa, na gololi ndogo za chuma za kuhamisha kwa koleo, wakahesabu makosa. Wengine walilazwa katika maji yenye barafu inayoyeyuka huku wamebanwa na shinikizo. Mwaka 1941, mabomu yakiwa yameanguka London, matokeo yakachapishwa katika jarida la kisayansi.

Hawakutoka salama. Kuvuta oksijeni tupu chini ya shinikizo humtia mtu mtukutiko kama wa kifafa, na katika mtukutiko mmoja Haldane alivunjika pingili za uti wa mgongo. Maumivu hayo aliishi nayo. Kiwambo cha sikio nacho kilimtoboka. Akaandika, kwa mzaha wake, kwamba kitundu kikibaki unakuwa kiziwi kidogo lakini unaweza kuutoa moshi wa tumbaku kwa sikio, na watu barazani wakafurahi. Mzee wa namna hii Lamu angepewa jina la utani siku hiyohiyo.

Oksijeni tupu walikuwa wanaitafutia nini? Kwa sababu mpiga mbizi wa vita hatakiwi kutoa mapovu yakamuumbua, basi anavuta oksijeni inayozunguka ndani ya kifaa chake na kusafishwa. Ndani ya jeshi lenyewe daktari mmoja, Kenneth Donald, alilifuatilia jambo hili tangu 1942 hadi vita vilipokwisha, akiwapima wazamiaji waliojitolea. Aligundua kwamba mtu huyohuyo, kina kilekile, hastahimili sawasawa kila siku. Mzamiaji mmoja aliyepimwa mara kwa mara katika kina cha meta 21 hivi, siku moja alianza kudhurika baada ya dakika 7, siku nyingine akakaa dakika 148. Tena majini mtu hudhurika upesi kuliko kwenye tangi kavu. Ndipo akasema oksijeni tupu isishushwe zaidi ya meta 8 hivi. Nimelieleza hili kwa kirefu kwa ajili ya tajiri anayemwambia kijana, "Jana si ulishuka hapahapa ukapanda mzima?"

Kazi hii ilifika vitani kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, nyambizi mbili ndogo, X20 na X23, zenye watu watano kila moja, zilikuwa zimejificha chini ya maji mbele ya pwani ya Ufaransa zikingoja kuwasha taa za kuongoza meli. Hali ya hewa ilikuwa imechafuka, uvamizi wa Normandy ukawa umeahirishwa kwa siku moja, nao wamekaa humo na hewa yao ya kuhesabu. Haya ya vita nayaachia hapo, wapenzi wa historia wanayajua kuniliko.

Mimi linalonihusu zaidi ni la baba yake J.B.S., yaani John Scott Haldane, kwa sababu yeye ndiye aliyeyashika maradhi ya ndugu yangu miaka zaidi ya 40 kabla ndugu yangu hajazaliwa.

Baba huyu, akifanya kazi kwa ajili ya jeshi la majini, alitumia mbuzi. Aliwaweka katika tangi London, akawabana kwa hewa, kisha akawaachia ama ghafla ama kidogokidogo. Mbuzi aliyeachiwa ghafla alionekana ameinua mguu wa mbele, hataki kuukanyaga. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hii, watoto wa Faza na Siyu waliokua na mbuzi uani, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Baada ya mbuzi wakaja watu: wenzake wa jeshini walishuka katika bahari ya Scotland mwaka 1906 hadi meta 64. Safari hiyo alimchukua hata mwanawe, huyohuyo J.B.S., akiwa na miaka 13, akamvisha vazi la kuzamia lisilomkaa likaingiza maji. Mwaka 1908 yakachapishwa majedwali: ukikaa kina hiki muda huu, usipande moja kwa moja, simama hapa dakika kadhaa, kisha simama pale.

Sababu yake ni hii. Kila meta 10 za maji, ambazo kwa hesabu yetu ni pima tano na nusu, zinaongeza uzito mwingine sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Mzamiaji anayevuta hewa ya mtungi au ya mpira huko chini anaingiza naitrojeni damuni na katika nyama, nayo inayeyuka humo kimyakimya. Akipanda polepole inatoka kwa pumzi. Akipanda mbio inafanya kama soda iliyofunguliwa kwa pupa, mapovu yanachemka ndani ya viungo na, Mungu apishe mbali, ndani ya uti wa mgongo.

Ndugu yangu alirudi alasiri akisema mkono unamuuma kama aliyeulalia. Mama akamkanda kwa mafuta ya simsim. Jirani akaja kumpiga chuku begani. Magharibi alilalamika tumbo linajaa na mkojo haumtoki. Wanawake wakasema ni baridi ya maji. Kulipokucha alikuwa akiitazama miguu yake, anaiona ipo, haisikii. Tukamtia mashuani, na maji yalikuwa yametoka, kwa hiyo mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki. Tukangoja maji yajae huku kichwa chake kiko mapajani mwangu. Daktari wa zamu, kijana mwenye adabu, alimwekea mpira wa mkojo akatuuliza kama ana presha. Hakuna aliyeuliza alikuwa chini pima ngapi na kwa muda gani. Hata angeuliza, nani angejibu? Nahodha hakuwa na saa. Aliyekuwa akiwajazia mitungi alikwisha ondoka kijijini.

Dawa ya maradhi haya ni kurudishwa ndani ya tangi la shinikizo, mtu abanwe tena mapovu yanywee, aachiwe kwa saa nyingi huku anavuta oksijeni. Lamu hatuna tangi hilo. Hata kumsafirisha kuna shari yake: ndege ikitoka Manda ikapaa juu, hewa inapungua na mapovu yanazidi kuvimba, kwa hiyo rubani lazima aambiwe aruke chini kadiri inavyowezekana. Wazamiaji wazee wanasema ukiumwa rudi majini, maumivu yatatulia. Ni kweli yanatulia, na mbuzi wa Haldane wangewaunga mkono. Lakini huko chini unavuta naitrojeni nyingine, na mtu mwenye ganzi miguuni anaweza asipande tena. Kinachowezekana hapa petu ni kumlaza chali, kumpa maji kama ana fahamu, na kumvutisha oksijeni ya mtungi wa hospitali mapema kabisa, bila kungoja kuona kama atapoa.

Wengi wa vijana wa Kizingitini hata hivyo hawatumii mitungi. Wanazamia kwa miwani, mapezi na pumzi ya kifua, hasa kaskazi maji yakiwa matulivu na meupe. Wao nao wana lao na mzee Haldane. Mwaka 1905, yeye na mwenzake Priestley walionyesha kwamba kinachotulazimisha kuvuta pumzi ni kulimbikizwa kwa kaboni dayoksaidi damuni. Upungufu wa oksijeni wenyewe hauna kelele. Sasa mtazame kijana wa leo ukingoni mwa mashua kabla ya kujitosa: anahema harakaharaka, kifua kinapanda na kushuka, amefundishwa kwamba anajaza. Oksijeni anayoiongeza ni kidogo mno. Anachofanya ni kuifukuza ile gesi ya kaboni, yaani anamfunga mdomo mlinzi wake. Atakaa chini muda mrefu bila kubanwa, ataona fahari, kisha akipanda, amekaribia juu kabisa, shinikizo limepungua na oksijeni iliyobaki haitoshi, fahamu zinamtoka. Wenzake wanasema alikuwa anakuja vizuri, mara akalegea. Habari za namna hii tumezizika nyingi kwa jina la ajali, na nyingine kwa jina la jini.

Msomaji mwenzangu atauliza, basi tofauti iko wapi kati ya profesa aliyejivunja mgongo na mvuvi aliyepooza, kama wote waliuhatarisha mwili? Wa kwanza aliridhia akijua anachokiendea. Katika vita hivyohivyo, huko Dachau mwaka 1942, madaktari wa Hitler waliwatia wafungwa katika chumba cha kupunguza hewa na katika maji ya barafu, bila ridhaa yao, wengi wakafa. Kutokana na mashtaka ya madaktari hao ukatoka mwaka 1947 mwongozo wa Nuremberg unaosema hakuna kumjaribia mtu asiyekubali kwa hiari yake. Simfananishi tajiri wa kamba na watu wale, Mungu aniepushe. Nauliza tu: kijana anayepewa mashine ya upepo ya kujazia magurudumu, mpira wa bustani na deni, halafu akaambiwa "shuka", ameridhia nini ikiwa hakuna aliyemwambia kuna majedwali tangu 1908? Nimeiona mashine ya namna hiyo kwa macho yangu. Mdomo wake wa kunyonyea hewa ulikuwa umeelekea nyuma ya mashua, shubiri chache kutoka bomba la moshi wa injini. Upepo ukigeuka, kijana aliye chini anavuta dizeli. Niliposema, nahodha aliisogeza kwa mguu, akaendelea na kahawa yake.

Jingine ni kwamba wale waliandika. Kina, dakika, aliyetapika, aliyetetemeka, aliyekosea hesabu. Wakati wote tangini kulikuwa na mtu nje, macho kwenye saa, mkono kwenye koki. Sisi tunafanya majaribio makubwa kuliko yao, kwa miili mingi zaidi, kila msimu, na hatuna hata ukurasa mmoja. Tukiulizwa ni wazamiaji wangapi wamepooza kati ya Pate na Kiunga, kila mtu ataanza kuhesabu kwa vidole majina anayoyajua, kisha atanyamaza.

Ninachotaka si kikubwa. Kila bandari ya uvuvi ina BMU yake, yaani kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, na kila BMU ina mwandishi anayeandika kilo za samaki. Basi pembeni ya kilo aandike: pima ngapi, dakika ngapi, mara ngapi kwa siku, ameshuka kwa kifua au kwa upepo, na amepanda akiumwa wapi. Tajiri anayenunua kamba anunue na saa ya mkononi isiyoingia maji, moja kwa kila mashua. Bei yake ni ya kamba wachache. Waganga wa zahanati za visiwani wafundishwe maswali mawili tu, pima ngapi na muda gani. Walimu wa Faza na Lamu wayachore majedwali kwa pima badala ya meta, yabandikwe pale samaki wanapopimiwa.

Nimelifikisha wazo hili kwa wenye mashua kadhaa. Jibu lao ni kwamba kuvua majongoo kwa mitungi ni marufuku, kwa hiyo mzamiaji akiandikwa amejishtaki. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Polisi wakilichukua daftari siku ya kwanza, hakuna atakayeandika siku ya pili. Basi jina lisiandikwe. Iandikwe herufi moja anayoijua mwenyewe, na daftari likae kwa mganga wa zahanati, pamoja na kadi za wagonjwa wengine, ambazo hakuna afisa wa uvuvi anayeruhusiwa kuzifunua. Idara husika itamke hivyo hadharani, kwa maandishi, kabla kaskazi haijaanza. Madaftari ya kwanza kwa ajili ya Kizingitini nimekwisha yanunua na kuyapigia mistari, yapo kwangu; ninamngoja mwandishi wa BMU aje ayachukue.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)